WAPIMAJI WAKIJA, TUSILALE

Ndugu wafanya kazi wa Homa Bay na Migori,

Wengi wetu twadhani kwamba reli huanza siku ile mkubwa anaposimama chini ya hema, akapewa sepetu mpya isiyo na tope, akachota udongo kidogo, na sisi tukapiga makofi. Siku hiyo mambo yamekwisha zamani. Yamekwisha ofisini, ndani ya vitabu viwili. Kitabu cha kwanza ni cha wapimaji na mainjinia, kinachosema njia ipite wapi, daraja liwe refu kiasi gani, na stesheni ikae wapi. Kitabu cha pili ni cha mazingira, kinachosema mto gani utaguswa, nani atahamishwa, vumbi litamwangukia nani, na mkandarasi atalazimishwa kufanya nini. Vitabu hivi vikiisha kupigwa muhuri, yaliyobaki ni jasho. Sisi huitwa wakati wa jasho.

Wanachama wengine wametuuliza tawini: "Chama cha wafanya kazi na mambo ya mazingira, wapi na wapi? Sisi kazi yetu ni kudai mshahara." Twawajibu kwa heshima. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga na kaburi lake liko Rusinga, kabla ya kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi mwaka 1953, alikuwa mkaguzi wa afya katika mji wa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kutazama usafi wa mji. Kutoka kazi hiyo aliingia katika kazi ya chama, wala hakuona ajabu. Kibarua akipewa mshahara Jumamosi, na Jumatatu mshahara huo wote ukaenda kwa daktari wa malaria kwa sababu kambi imejengwa kando ya dimbwi, je, amelipwa nini? Dimbwi hilo ni mazingira. Choo cha kambi ni mazingira. Vumbi la kokoto ndani ya kifua ni mazingira. Wakubwa wakitaja neno hili, wao humaanisha twiga na miti. Sisi twamaanisha kifua.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuone nguvu ya karatasi za wapimaji.

Kapteni Macdonald na watu wake walipima njia ya reli kutoka Mombasa mpaka ziwani katika mwaka 1891 na 1892. Kwa kipimo chao, mwisho wa reli ungekuwa Port Victoria, kule Bunyala. Baadaye njia ikapimwa tena, ikaonekana kwamba kushuka kwa bonde la Nyando mpaka Kisumu ni karibu zaidi na gharama yake ni ndogo. Kalamu ikakata, kalamu ikaandika, na reli ikafika Kisumu Desemba 1901. Kisumu leo ni jiji. Port Victoria ni mji mdogo wa wavuvi, na wengi wetu hatujapata kuuona. Hapakupiganwa vita baina ya miji hiyo miwili, wala mtu hakupiga kura. Ni hesabu ya mpimaji tu.

Na waliojenga? Waliletwa vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Wakati ule hapakuwa na kitabu cha mazingira cha kuuliza watu hawa watalala wapi na watakunywa maji gani. Leo kitabu kiko, na sheria iko. Ndiyo sababu twasema tusilale.

Nyanza ya Kusini, yaani Homa Bay na Migori ya leo, haikupata hata futi moja ya reli. Tawi lilikwenda Butere, kwetu halikuja. Sisi tulipewa meli. Wazee wetu wa Homa Bay na Kendu Bay wanajua kwamba meli zile zilikuwa za reli: mabaharia, makarani wa gati na makuli wa mizigo walikuwa wafanya kazi wa reli, wakilipwa na reli. MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966, ilijengwa hivyo hasa, mabehewa yakiingia tumboni mwake kwa reli yake yenyewe na kuvuka ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la nchi tatu likavunjika nayo, na gati zetu zikaanza kulala usingizi. Tangu hapo omena, viazi vitamu vya Kabondo, sukari ya Awendo na mahindi ya Kuria hutoka kwa lori, na bei ya lori huamuliwa na mwenye lori.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sisi hatutaki reli. Twaitaka. Tumeingoja tangu 1901.

Reli mpya ya njia pana ilianza kubeba abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Mwaka 2019 ikafika Naivasha, ikakoma, maana fedha za kuiendeleza mpaka Kisumu hazikupatikana mwaka ule. Mpango uliochorwa ni kwamba kutoka Naivasha ipite Narok na Bomet, ishuke Sondu, kisha Ahero na Kisumu, na baadaye iende Malaba. Tazameni ramani, ndugu. Reli inafika Sondu, pale Kisumu, Kericho na Homa Bay zinapokaribiana, inatupigia hodi mlangoni, kisha inageuza shingo na kwenda zake kaskazini. Tawi la kutoka hapo kuja Oyugis, Rongo, Awendo na Migori, au kuja Kendu Bay na Homa Bay, ni maneno ya jukwaani. Halina kitabu. Na jambo lisilo na kitabu cha wapimaji ni ahadi tu, hata likisemwa kwa kipaza sauti kikubwa namna gani.

Dai letu la kwanza basi ni hili: wapimaji waje. Lakini waje wapimaji wa nani?

Katika reli ya Mombasa na Nairobi mambo yalikwenda hivi. Mwaka 2009 Serikali ilitia sahihi mapatano na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, na kampuni hiyo ikafanya uchunguzi wa njia na hesabu ya gharama kwa fedha zake yenyewe. Mwaka 2012 kampuni hiyo hiyo ikapewa mkataba wa kujenga. Mwaka 2014 Serikali ikakopa benki ya Exim ya China kiasi cha dola bilioni 3.6 ili kuilipa kazi hiyo. Kesi ilifunguliwa, ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu, na mambo ya sheria twawaachia mawakili. Sisi twauliza swali la sokoni. Ukienda kwa mwuza vitambaa ili akushonee suruali, naye asema atakupima bure, je, atakuambia kwamba mita moja na nusu yakutosha? Atakupima bure kwa sababu kitambaa ni chake. Kipimo cha bure ndicho kipimo ghali kuliko vyote, na deni hulipwa na mtoto wa kibarua anaponunua kitu chochote kilichoshuka bandarini Mombasa, maana ushuru wa reli umo ndani ya bei.

Hatusemi haya kwa sababu kampuni ile ni ya Wachina. Angekuwa Mwingereza, Mjapani au Mkenya, neno letu lingekuwa lile lile. Anayepima asijenge, na anayejenga asipime. Uchunguzi wa njia yetu ulipiwe na fedha za umma, ufanywe na watu ambao hawatapata senti moja zaidi ikiwa daraja litarefushwa.

Tena tutazame stesheni zilivyowekwa. Mtu akishuka garini Mombasa hushukia Miritini, na Nairobi hushukia Syokimau. Zote mbili ni mbali na mji, naye hulazimika kulipa nauli ya pili kwa matatu au treni ndogo ya mjini. Mwenye gari lake hana taabu. Kibarua anayekwenda kutafuta kazi ana taabu. Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya, liliandikwa na wapimaji kabla ya mawe kumwagwa. Wapimaji wakifika Homa Bay au Migori, kalamu yao itataka kuweka stesheni mbali, mahali ambapo ardhi ni rahisi na mashini hugeuka bila taabu. Ni lazima awepo mtu wa kuwauliza: mfanya kazi wa kiwanda cha Awendo anayetoka zamu ya usiku atafikaje huko, na kwa nauli gani?

Sasa tuje kwenye kitabu cha mazingira chenyewe.

Sheria ya mazingira ni ya mwaka 1999, nayo ndiyo iliyounda NEMA, mamlaka ya Serikali inayotoa leseni. Reli ni katika kazi ambazo haziwezi kuanza bila uchunguzi kamili. Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 zilisema wazi kwamba mwenye mradi abandike matangazo mahali watu wanapoona, atangaze kwa redio kwa lugha za taifa na za wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, awaeleze, naye apokee maneno yao kwa mdomo au kwa maandishi. Zilisema pia kwamba kitabu kitaje njia nyingine ambazo zingeweza kufuatwa. Maneno haya ni mazuri sana. Tumeyasoma mara mbili tuone kama tumeota.

Lakini tunajua jinsi mikutano hii inavyofanywa. Mkutano huitwa Jumanne saa nne asubuhi kwenye baraza la chifu. Jumanne saa nne mfanya kazi yuko kazini, mwuza omena yuko ufukoni, na mwenye boda boda yuko barabarani. Wanaokuja ni wazee wachache walioitwa kwa simu na vijana wa kubeba viti. Mtaalamu husimama, akasema kwa Kiingereza cha haraka, mtu mmoja akatafsiri nusu, soda ikagawanywa, na karatasi ya majina ikazungushwa watu watie sahihi kwamba wamehudhuria. Karatasi hiyo baadaye hufungwa nyuma ya kitabu, ikawa ushahidi kwamba wananchi "wamekubali". Ndugu, sahihi ya kunywa soda si sahihi ya kukubali reli. Twashauri kila mwanachama atakayepewa karatasi ya namna hiyo aandike kando ya jina lake maneno yake mwenyewe: nakubali hili, nakataa hili, sijaelezwa hili. Kalamu ni ile ile, na wino haupungui kwa neno moja zaidi.

Wako watakaosema kwamba haya hayana faida, ati wakubwa wakitaka jambo litakuwa. Si kila mara. Mwaka 2019 baraza la rufani za mazingira liliifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Kiwanda kile kilikuwa na matajiri wa kila namna nyuma yake. Wavuvi na wenyeji wa Lamu walikisoma kitabu, wakakipekua, wakaonyesha mashimo yake. Kwa upande mwingine hatutawadanganya: mwaka 2016 baraza hilo hilo liliamuru kazi ya reli isimame katika mbuga ya Nairobi, na mwaka 2018 mashini ziliingia mbugani hata hivyo, daraja la kilomita sita hivi likajengwa juu ya vichwa vya wanyama. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, yataka na watu walio macho nyuma yake. Wenzetu wa Lambwe wajue hayo, maana mbuga ya Ruma iko kwao, na ndiyo pekee katika Kenya yenye korongo wa asili yake.

Mfano ulio karibu kuliko yote uko pale pale Sondu, ambapo reli inatakiwa kupita. Mradi wa umeme wa Sondu Miriu, wa megawati 60, ulianza kujengwa mwaka 1999 kwa mkopo wa Japani. Maji ya mto yaliingizwa katika handaki la zaidi ya kilomita sita, na mto wenyewe ukabaki mwembamba katika sehemu ile iliyorukwa. Malalamiko yakaanza: vumbi la magari, fidia ya mashamba, maji ya mto, na kazi. Hilo la kazi tulikumbuke. Watu waliona ajira zinagawanywa kwa kujuana, na mtu aliyetoa shamba lake akisimama langoni bila kibarua. Mambo yakawa makali, kelele zikafika mpaka Japani, na fedha za awamu ya pili zikachelewa miaka kadhaa. Ndipo, mwaka 2001, ikaundwa kamati ya kushughulikia malalamiko, na wenyeji wakapata viti ndani yake wakae meza moja na wenye mradi. Umeme ukaanza kutoka baadaye, katika mwaka 2007 na 2008.

Je, somo la Sondu ni nini? Wakubwa watasema somo ni kwamba wananchi wakorofi huchelewesha maendeleo. Sisi twasoma kinyume. Kamati ile ingeundwa kabla ya jiwe la kwanza, ikaandikwa ndani ya kitabu cha mazingira, miaka ile isingepotea. Kilichochelewesha ni kuwanyamazisha watu mwanzoni. Mtu akifunga mdomo wa sufuria inayochemka, asilaumu sufuria.

Twaja sasa kwenye jambo ambalo hatujaona mtaalamu akilitaja mpaka ameulizwa, nalo ni mashimo ya maramu. Kila tuta la reli ni udongo uliochimbwa mahali pengine. Kazi ikiisha, shimo hubaki. Mvua ikinyesha shimo hujaa maji, ng'ombe hunywa, watoto huogelea, mbu huzaliana, na kichocho hukaa humo humo. Nchi yetu ya pwani ya ziwa ni nchi ya malaria tangu babu. Mmoja wetu alifanya kazi katika mradi mmoja wa barabara upande wa Migori, na mkandarasi, ambaye hatutamtaja, aliahidi mbele ya watu kwamba mashimo yatafukiwa. Siku mashini zilipopakiwa kwenye trela, mwenzetu alimwuliza nyapara wake habari ya mashimo. Nyapara akacheka, akasema, "Hayo ni mabwawa yenu ya samaki." Mpaka leo hakuna samaki. Basi kitabu cha reli kitaje kila shimo kwa jina la mahali, kiandike fedha za kulifukia, na fedha hizo ziwekwe kando kabla kazi haijaanza, mahali ambapo mkandarasi hawezi kuzigusa.

Na maji ya ziwa. Wazee wanakumbuka mvua kubwa za 1961 na jinsi ziwa lilivyopanda mpaka Mei 1964, likafika mita 13.41 kwa kipimo cha Jinja. Watu walisema halitarudi tena kufika hapo. Mei 2020 likafika mita 13.42, likala nyumba, gati na mashamba ya Homa Bay na Nyatike. Mpimaji kijana akija na hesabu za miaka kumi tu, atachora reli juu ya mahali ambapo bibi zetu walivulia samaki. Na mto Kuja, ukiisha kuungana na mto Migori, hufurika kule chini Nyatike mara kwa mara, wala hauhitaji ruhusa ya NEMA. Na ule udongo wetu mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kila fundi wa nyumba aliyejenga juu yake anajua unavyopasua ukuta. Mafundi hao ni wanachama wetu. Waulizwe! Kipimo cha udongo kwa mashini ni kizuri, lakini mtu aliyechimba misingi Ndhiwa kwa miaka thelathini naye ni mashini ya kupimia.

Jambo la fidia tutalisema kwa maneno machache ingawa ndilo litakaloleta ugomvi mkubwa. Njia ya reli hulipwa kwa hati ya shamba. Mwenye hati hulipwa. Je, mpangaji wa chumba? Je, mama mwenye kibanda cha chai, fundi wa baiskeli chini ya mti, mchoma matofali, mchimba mchanga? Hawa wote ni wafanya kazi, na hawana hati. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 40, kifungu cha 4, imefungua mlango wa kuwalipa watu wanaokaa mahali kwa nia njema hata kama hawana hati. Mlango umefunguliwa, lakini hatuingizwi na mtu. Karani wa kuandika hasara hutumwa siku moja, huandika alichokiona siku hiyo, na soko la Jumatano halionekani siku ya Alhamisi. Asiyekuwamo ndani ya daftari lile hana mahali pa kulalamika, hata aende kwa mkubwa gani.

Twajua tutakavyojibiwa. Neno la kwanza litakuwa: "Mkiuliza maswali mengi, reli itapelekwa kwa wengine." Neno hili ni la zamani. Baba zetu waliambiwa hivyo hivyo walipodai nyongeza, ati mwajiri atafunga kazi na kuondoka. Reli hailetwi kwa sababu mtu anatupenda. Huletwa ikiwa iko mizigo na ziko hesabu. Mizigo yetu iko. Maswali yetu hayaondoi hata gunia moja la sukari Awendo.

Neno la pili latoka kwa rafiki zetu wenyewe, wasemao kwamba deni la nchi ni kubwa na reli ikataliwe kabisa. Hawa hatuwatukani, maana hesabu yao ina ukweli. Ndiyo sababu twataka njia nyingine zichunguzwe kwa haki, kama kanuni zilivyosema. Ipimwe reli ya kutoka Sondu, na ipimwe pia meli ya mizigo kutoka Homa Bay mpaka reli ya Kisumu, kama zamani, ili tujue ipi itabeba tani moja kwa bei ndogo na ipi itaajiri watu wengi zaidi. Ikiwa meli itashinda kwa hesabu safi, sisi tutakuwa wa kwanza kupaka gati rangi. Tusichokubali ni kuambiwa kwamba hesabu ilikwisha fanywa na hatuwezi kuiona. Katiba, Ibara ya 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Basi madai yetu, ambayo tawi limekwisha yapatana, ni haya. Mikutano ya kitabu cha mazingira ifanywe Jumapili alasiri au baada ya saa za kazi, katika Homa Bay, Kendu Bay, Oyugis, Rongo, Awendo, Migori na Isebania, na si katika miji mikuu miwili peke yake. Muhtasari wa kitabu uchapwe kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuria na Kikisii, kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani aweza kusoma. Iwemo sura nzima ya wafanya kazi: kambi, maji, vyoo, chandarua, dawa, barakoa za vumbi, na vipimo vya ukimwi kwa siri na kwa hiari, maana kambi za ujenzi huleta maradhi haya na kaunti zetu zimekwisha zika watu wa kutosha. Kamati ya malalamiko iundwe kabla ya kazi, wafanya kazi wawe na viti ndani yake wakichaguliwa na wafanya kazi wenyewe. Kazi za mikono zitangazwe wazi, na orodha ya walioajiriwa ibandikwe ukutani kila mwezi.

Kuna kazi ambayo haimngoji mpimaji wala Serikali, nayo ni yetu. Kila mwakilishi wa mahali pa kazi achukue daftari. Aandike mahali maji yalipofika mwaka 2020, kwa alama ya ukuta au mti ambao watu wanaujua. Aandike kila shimo la maramu lililoachwa wazi, na barabara gani lilichimbiwa. Aandike wapangaji, wenye vibanda na mafundi wote wa kando ya barabara kutoka Sondu mpaka Oyugis na kutoka Rongo mpaka Migori, pamoja na siku za soko la kila mahali. Wenzetu wa Kabondo waanze kwanza, kwa kuwa wao wako karibu na njia iliyokwisha chorwa. Madaftari yaletwe kwa katibu wa tawi yakiwa yameandikwa kwa wino, na jina la aliyeyaandika liwe juu ya ukurasa wa kwanza.